Magofu ya Kilwa Kisiwani na Amana Iliyomo

Mwenyezi Mungu Mtukufu ametuamrisha katika Kitabu chake, wala si mahali pamoja tu, kwamba tutembee katika nchi na tutazame mwisho wa waliotutangulia ulikuwa wa namna gani. Katika Suratur-Rum wametajwa watu waliokuwa na nguvu kuliko hao waliokuwa wakiambiwa, wakailima ardhi na kuijenga, kisha wakaondoka. Wengi wetu tukisoma aya hizi fikira zetu huruka mpaka kwa Adi na Thamudi, tukadhani kuwa amri ile haiwezi kutekelezwa ila na mwenye nauli ya kwenda Bara Arabu. Lakini sisi watu wa pwani ya Afrika ya Mashariki tunayo magofu mlangoni petu, na machache katika hayo yana mafunzo kama ya Kilwa Kisiwani. Maneno haya yatamchukua msomaji mpaka huko, yampitishe katika mawe yake, miti yake na sarafu zake, kisha yamwulize swali moja: vitu hivi ni vya nani, na ni nani atakayeulizwa juu yake?

NJIA YA KWENDA

Kilwa ziko tatu, na mgeni asizichanganye. Kilwa Masoko ndiyo yenye ofisi za serikali. Kilwa Kivinje iko kaskazini yake, nayo ilisitawi katika karne ya 19. Na Kilwa Kisiwani ndiyo mama yao, mji wa kale wenyewe. Atokaye Dar es Salaam hushika njia ya kusini, mwendo wa yapata kilomita 300. Zamani mto wa Rufiji ulikuwa kizuizi kikubwa, na msafiri wa siku za mvua aliweza kukaa ukingoni akihesabu siku. Tangu mwaka 2003, lilipofunguliwa Daraja la Mkapa, shida hiyo imeondoka, na mtu huondoka asubuhi akaswali laasiri Masoko.

Hapo Masoko huchukuliwa kibali cha kuyaona magofu, kisha mtu hupanda mashua. Mlango wa bahari baina ya Masoko na kisiwa ni mwembamba, yapata kilomita 2, na upepo ukiwa mwema aliyeanza kusoma Yasini gatini huimaliza kwa utulivu kabla chombo hakijagusa mchanga. Kisiwani wako watu mpaka leo, wavuvi na wakulima, ambao nyumba zao za miti na udongo zimesimama baina ya kuta za wafalme. Watoto wao hucheza chini ya mibuyu iliyoota ndani ya majumba yaliyokuwa ya mawaziri.

Kitu cha kwanza kuonekana kutoka baharini ni Gereza. Jina hili lenyewe ni la kale, na wajuzi wa lugha husema asili yake ni neno la Kireno la kanisa. Wareno walijenga ngome mahali hapa mwaka 1505, lakini kuta tuzionazo sasa aghlabu ni kazi ya wakati wa Waomani, miaka 300 baadaye, iliyosimamishwa juu ya ile ya kwanza. Mgeni wengi humdanganya kuwa hiyo ndiyo Kilwa. La. Gereza ni mlango tu. Kilwa iko nyuma yake.

NANI ALIYEUJENGA MJI HUU?

Iko tarehe ya Kilwa iliyoandikwa kwa Kiarabu, ambayo nakala yake ilinakiliwa Unguja katika karne ya 19 na sasa imehifadhiwa London. Khabari zinazofanana nayo alizitia Mreno João de Barros katika kitabu chake cha mwaka 1552. Tarehe hiyo yasema kuwa Ali bin Hasan, mwana wa mfalme kutoka Shirazi, alikuja na jahazi, akakikuta kisiwa kina watu na kina msikiti, akakinunua kwa mfalme wa bara kwa nguo zilizotandazwa kukizunguka chote.

Katika siku za ukoloni walikuwako wageni walioshika nusu ya khabari hii wakaiacha nusu. Walisema kuwa kila jiwe lililosimama pwani limewekwa na mkono wa mtu wa ng'ambo, na kwamba wenyeji walikuwa watazamaji. Wako na wa kwetu waliolipenda neno hilo kwa kutaka nasaba. Mwaka 2023 wataalamu walichapisha uchunguzi wa mifupa ya watu 80 wa zamani, wengi wao waliozikwa katika miji ya pwani, na Kilwa ni katika miji hiyo. Walichokiona ni kuwa tangu yapata mwaka 1000 damu mbili zilichanganyika: upande wa baba nyingi ilikuwa ya Asia, na zaidi ya Kiajemi, na upande wa mama takriban yote ilikuwa ya Kiafrika. Basi tarehe haikusema uwongo juu ya Shirazi, lakini aliyewazaa na kuwalea watu hawa, akawafundisha kusema Kiswahili, ni mama wa hapa hapa. Na tarehe yenyewe imekiri kwamba msikiti ulikuwako kabla mnunuzi hajafika.

TUMBAWE, CHOKAA NA BORITI

Mtu akitaka kuifahamu Kilwa na ajifunze vitu vitatu kwanza: tumbawe, chokaa na boriti. Mji wote umetokana na hivyo.

Tumbawe ni la namna mbili. Liko la nchi kavu, nalo ni mwamba mgumu uliokuwa bahari zamani sana kisha maji yakauacha. Hilo ndilo la kuta. Na liko la baharini, likatwalo maji yakitoka hali lingali bichi. Hilo huwa laini, hukatika kwa shoka na kuchongwa kama mbao, kisha likikaa juani hukauka likawa gumu. Kwa hilo walichonga mihrabu, miimo ya milango na mapambo ya herufi.

Wanavyuoni wa zamani walihangaika sana juu ya viumbe vya namna hii. Walioandika vitabu vya madini na mimea, wa Kiislamu na wa Kizungu, waliona kwamba marijani ina matawi kama mti na ugumu kama jiwe, wengine wakaiweka katika madini, wengine katika mimea, wengine wakasema imesimama katikati. Hata katika miaka ya 1720 tabibu wa Kifaransa, Jean-André Peyssonnel, aliitazama katika maji ya bahari yake, akaona kuwa yale yaliyodhaniwa maua ni wanyama wadogo wanaonyoosha na kukunja viungo vyao. Wenzake hawakumsadiki upesi. Leo jambo hili halina shaka: jiwe lile limejengwa na wanyama wadogo mno, kizazi juu ya kizazi, kila kimoja kikiacha nyumba yake kwa ajili ya kijacho. Basi msikiti wa Kilwa umejengwa kwa nyumba za viumbe wasiohesabika waliokufa kabla hajazaliwa fundi. Subhanallah! Nasi tukisoma Suratur-Rahman twapita juu ya lulu na marijani mbio mbio bila ya kusimama.

Chokaa ilitoka katika mawe hayo hayo. Mafundi walipanga magogo, wakarundika vipande vya matumbawe juu yake, wakatia moto mpaka mawe yakageuka meupe na mepesi. Kisha yakamwagiwa maji, yakavurugika yakawa unga. Chokaa njema huachwa ikae muda mrefu kabla ya kutumiwa. Mafundi waliozitengeneza kuta za Kilwa katika miaka yetu hii wameirudia kazi hiyo ya chokaa na tumbawe, maana saruji ngumu haipatani na kuta za kale: chokaa huipumua mvua, saruji huifungia ndani.

Ama boriti ni miti ya mikoko, na mkandaa ni mmoja wao, iotayo katika matope ya bahari. Mti huu ni mgumu, mchwa hauwezi upesi, na kwa asili yake hauendi mrefu ukanyoka bila ya mwisho. Boriti njema ya dari haivuki sana mita 3. Kwa hiyo utaona katika Kilwa, kama katika Lamu na Unguja, kwamba vyumba ni virefu lakini vyembamba. Fundi hakupima chumba kwa matakwa ya tajiri; alipima kwa mkandaa. Mwenyezi Mungu aliiwekea mipaka boriti, na boriti ikawawekea mipaka wafalme.

MSIKITI MKUU

Kutoka Gereza hufika mtu kwenye Msikiti Mkuu kwa miguu, mwendo mfupi. Kibla cha kwetu kiko kaskazini, na upande huo wa kaskazini ndio wa zamani kabisa, wa karne ya 11 au ya 12. Dari yake ilikuwa bapa, imechukuliwa na nguzo, nayo leo haipo, bali mihrabu imebaki. Baadaye, mwanzoni mwa karne ya 14, mji ulipokuwa na neema, ukaongezwa upande wa kusini uliokuwa mkubwa mara kadhaa kuliko wa kwanza, wenye nguzo, matao na makuba. Sehemu ya ujenzi huo ilianguka, ikajengwa tena katika karne ya 15, na makuba tuyaonayo ni ya wakati huo.

Aliyeandika khabari za safari ya Wareno ya mwaka 1505, ambayo hunasibishwa na Hans Mayr, aliuona msikiti huu ukingali mzima, na hakupata cha kuufananisha nao ila msikiti wa Cordova. Alitaja pia machungwa, malimau, vitunguu, pamba na asali ya mji. Mtu aliyekuja na jeshi la kuuteka mji ndiye aliyeushuhudilia uzuri wake; na ushahidi wa adui una uzito wake.

Ukisimama leo chini ya makuba yale, utaona kwamba mwanga huingia upande mmoja kwa mmoja baina ya nguzo, kama safu za wenye kuswali. Ubavuni pana kisima na mahali pa kutawadhia. Wanafunzi wa chuo niliofuatana nao walivua viatu bila ya kuambiwa. Mmoja akaniuliza kama yafaa kuswali mahali pasipo na paa. Nikamwambia ardhi yote imefanywa kwetu msikiti, na aliyejenga paa hili alilijua hilo kabla yetu. Tukaswali rakaa mbili.

SULTANI MWENYE KUTOA, NA NDUGUYE

Mashariki ya mji, juu ya jabali linaloitazama bahari, liko jumba liitwalo Husuni Kubwa. Lina vyumba zaidi ya 100, nyua zenye ngazi, bohari za mali na birika la kuogea lenye pembe 8. Mfalme aliyelijenga ni Hasan bin Sulaiman, aliyetawala mwanzoni mwa karne ya 14, na jina lake lilikutwa hapo hapo limechongwa katika jiwe. Tarehe ya Kilwa yasema kuwa alipokuwa kijana alisafiri kwenda kuhiji, akakaa Aden miaka 2 akitafuta elimu kabla ya kurudi na kutawala. Lakabu yake ilikuwa Abul-Mawahib, yaani mwenye vipawa, kwa ukarimu wake.

Mwaka 1331 alifika Kilwa mwanachuoni na msafiri wa Tanja, Ibn Battuta. Aliusifu mji kwa uzuri na kwa ujenzi wake, akasema nyumba zake ni za miti. Wala hili lisimshangaze msomaji, kwa kuwa mawe yalikuwa ya misikiti na ya majumba ya wakubwa, na watu wengi waliishi kama waishivyo Kisiwani leo. Akawataja watu wake kuwa ni wenye dini, wa madhehebu ya Imamu Shafii, madhehebu yetu mpaka sasa.

Kisa alichokieleza juu ya sultani huyu ni mashuhuri. Siku ya Ijumaa, sultani alipokuwa akitoka msikitini, fakiri mmoja wa Yemen alimzuia njiani akamwomba nguo alizozivaa. Sultani akakubali, fakiri akamtaka ampe saa ile ile. Basi sultani akarudi, akaingia nyumbani kwa khatibu, akavaa nguo nyingine, akamwita fakiri azichukue zile. Watu wakaustaajabia unyenyekevu wake. Mwanawe, aliyekuwa mrithi wa kiti, akazikomboa nguo za baba yake kwa watumwa 10. Na sultani aliposikia watu walivyoshukuru, akaamrisha fakiri aongezewe watumwa 10 wengine na mizigo 2 ya pembe.

Baada yake alitawala nduguye, Daud, naye alikuwa kinyume chake. Akija mwombaji, asema Ibn Battuta, humjibu kuwa yule aliyekuwa akitoa amekwisha kufa, wala hakuacha kitu cha kutolewa. Husuni Kubwa haikukaliwa muda mrefu, na huenda Daud hakusema uwongo wote: kaka yake alitoa kwa mkono mmoja na kujenga kwa mkono wa pili, na hazina ina kina.

DHAHABU ILIYOPITA

Hazina hiyo ilitoka wapi? Kilwa haina machimbo ya dhahabu. Dhahabu ilitoka katika nyanda za juu za nchi iitwayo leo Zimbabwe, ikateremshwa mpaka bandari ya Sofala katika Msumbiji ya leo, na Kilwa ndiyo iliyoishika bandari hiyo. Vyombo vikaileta kaskazini pamoja na pembe, vikarudi na nguo na shanga za Bara Hindi, vigae vya Ajemi na sahani za kauri za China. Hata leo mvua ikinyesha Kisiwani, maji huosha vipande vya sahani hizo vikaonekana mchangani, vya kijani na vya buluu.

Wafalme wa Kilwa walipiga sarafu zao wenyewe. Dhahabu ni chache mno. Nyingi ni za shaba nyekundu, ndogo, na zimeokotwa kwa maelfu Kilwa na Mafia. Upande mmoja lina jina la mfalme, na upande wa pili maneno ya kumtegemea Mola, yaliyotungwa yapatane vina na jina hilo. Hazina mwaka wala picha. Sarafu ya Hasan bin Sulaiman ilikutwa katika magofu ya Zimbabwe Kuu, zaidi ya kilomita 1,000 kutoka hapa. Na mwaka 1944 askari mmoja aliziokota sarafu tano za Kilwa katika visiwa vya Wessel, kaskazini ya Australia.

Dhahabu huwaita wenye kuitaka. Mwaka 1502 alikuja Vasco da Gama na mizinga yake, akamlazimisha mtawala wa Kilwa alipe kodi ya dhahabu. Mwezi wa Julai 1505 akaja Francisco de Almeida, akauteka mji, ukaporwa, na ngome ikajengwa. Mwaka 1512 Wareno waliondoka wakaiacha ngome. Walikwisha kupata walichokitaka, na biashara ya Sofala walikwisha kuigeuzia njia. Mwaka 1587 wakaja Wazimba kutoka bara, wakaua watu wengi.

Na dhahabu ile ya kodi iko wapi? Haikupotea. Mfalme Manuel wa Ureno aliamrisha ifanywe chombo cha ibada ya kanisani, kikamalizika mwaka 1506 kwa mkono wa sonara Gil Vicente, na katika chombo chenyewe imeandikwa kuwa ni dhahabu ya kodi ya Kilwa. Kimo katika jumba la makumbusho Lisbon, na watu hulipa kiingilio wakaingia kukitazama. Basi dhahabu imekwenda na tumbawe limebaki. Kilichokuwa kikigombewa kimechukuliwa, na kilichokuwa kikikanyagwa ndicho kinachotusimulia.

MAWE HAYAFICHI AIBU

Lakini shahidi wa kweli hachagui. Tumesikia kuwa nguo za mfalme zilikombolewa kwa watumwa 10, na msimulizi wala hakushtuka, kwa kuwa zamani zile binadamu alihesabiwa pamoja na pembe. Miaka 445 baada ya Ibn Battuta, mwaka 1776, sultani wa Kilwa, Hasan bin Ibrahim, alitia mkono katika mapatano na Mfaransa aitwaye Morice, ya kumpatia watumwa 1,000 kila mwaka kwa piasta 20 kila mmoja. Bandari iliyokwisha kukosa dhahabu ikawauza watu.

Wako watakaosema kwamba haya yasisimuliwe mbele ya watoto katika nyumba ya Kiislamu. Mimi nasema ndiyo kwanza yasimuliwe. Dini yetu imeweka kumwacha huru mtumwa kuwa ibada na kafara ya madhambi, na waliofanya biashara hii walilijua hilo, kwani walikuwa na misikiti yenye makuba. Mtoto akionyeshwa msikiti peke yake atajivuna. Akionyeshwa mapatano yale peke yake atajichukia. Na yote mawili ni upungufu wa elimu. Na avionyeshwe vyote viwili, ajue kwamba jengo zuri halimdhamini aliye ndani yake.

HUKUMU YA KUFUKUA

Sasa tulirudie swali la mwanzo. Nchini mwetu pana ugonjwa wa kutafuta mali iliyozikwa. Watu huambiwa kuwa Mreno au Mdachi aliacha sanduku chini ya ukuta fulani, wakaja usiku na majembe, wengine na mganga na kuku mweusi, wakaangusha ukuta uliosimama miaka 500, wakarudi mikono mitupu. Wengine hubandua sahani za kauri makaburini, wengine huchukua mawe ya kujengea misingi yao. Ukimkataza mmoja wao atakujibu kwa neno la fikihi: hii ni rikazi, nitatoa khumsi yake, na iliyobaki ni halali yangu.

Jawabu hili halikutimia. Rikazi katika madhehebu ya Imamu Shafii ni mali iliyozikwa zama za Ujahiliyya. Ama kilichofukuliwa kikiwa na alama ya Uislamu, kama jina la mfalme wa Kiislamu au aya ya Qurani, hicho si rikazi. Mwenyewe akijulikana ni chake. Asipojulikana hukumu yake ni ya lukata, kitu kilichookotwa, na mwenye kuokota ni mwenye kuchunga amana kabla ya kuwa jambo jingine lolote. Sarafu za Kilwa zina jina la mfalme wa Kiislamu upande mmoja na jina la Mola upande wa pili. Alama gani tena inayotakiwa? Tena kuta na makaburi si mali iliyopotea hata kidogo. Misikiti ni wakfu, na kaburi lina mwenyewe ndani yake.

Sheria ya nchi imekubaliana na jambo hili. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 imekataza kufukua bila ya kibali, na mwenye kuona kitu cha kale hutakiwa akitoe khabari. Kazi ya kufukua ina wenyewe. Neville Chittick aliifanya Kilwa katika miaka ya 1960, akaandika vitabu viwili vilivyochapishwa mwaka 1974, na ni kwa kufukua polepole, tabaka kwa tabaka, ndipo ilipojulikana msikiti upi ulitangulia. Tofauti baina yake na mwenye jembe la usiku ni kuwa huyu huandika kila alichokikuta na mahali alipokikuta. Yule huvuruga kurasa za kitabu kisichokuwa na nakala.

Mwaka 1981 Kilwa Kisiwani na Songo Mnara, kisiwa jirani chenye magofu kama haya, viliandikwa katika Urithi wa Dunia. Mwaka 2004 vikatiwa katika orodha ya vilivyo hatarini, kwa kuwa bahari ilikuwa ikila ufuo na kuta zikianguka. Na kazi ya miaka 10 ikaviondoa humo mwaka 2014. Katika kazi hiyo mikoko ilipandwa ilinde ufuo, na wenyeji wakajenga kwa chokaa. Lakini bahari haijaacha kula, wala mwenye jembe hajatubu.

NENO KWA WENYE NYUMBA

Basi ndugu zangu wazee na walezi, nawausieni mambo matatu. La kwanza, mkipata nafasi wapelekeni watoto wenu Kilwa, na asiyeweza na awapeleke Makumbusho ya Taifa Dar es Salaam, ambako vitu vya Kilwa vimehifadhiwa. La pili, wafundisheni kwamba kuchora jina juu ya ukuta wa kale, au kutia kigae mfukoni, ni kuipunguza amana.

La tatu ndilo kubwa zaidi. Wageni waliokuja kuzisoma sarafu na mawe ya Kilwa ilibidi wajifunze kwanza herufi zake ugenini, miaka na miaka. Mtoto wetu wa miaka 8 aliyemaliza juzuu ya Amma anazo herufi hizo tayari. Nilimwonyesha mwanafunzi mmoja picha ya sarafu ya shaba. Akaiweka karibu na uso wake, akaihajisha kama aihajishavyo sura, alifu kwa alifu, hata akalitoa: Ali bin al-Hasan. Kisha akauliza huyu ni nani. Swali hilo ndilo lenye thamani kuliko sanduku la Mreno. Ufunguo tumewapa watoto wetu wenyewe chuoni, tusiwafiche mlango.

Mwenyezi Mungu atujaalie tuwe katika wenye kutembea na kutazama, na wenye kuchunga walichoachiwa. Amin.